Mzee Huyo Ana Wapwa?

Swali lilikuwa kwenye kitabu cha Hisabati cha darasa la nne, sura ya sehemu, nami nililinakili ubaoni kama lilivyo: Mzee ana shamba. Amewagawia watoto wake wanne shamba hilo sawa kwa sawa. Kila mtoto amepata sehemu gani ya shamba?

Nilikuwa mgeni pale shuleni. Shule iko mlimani, juu ya Mkuyuni, na mimi nilikuwa nimetoka Singida na sanduku la bati, ajira ya kwanza, sijazoea bado kuishi mahali ambapo ukimtuma mtoto dukani anapotelea kwanza bondeni ndipo aibuke upande wa pili. Asubuhi ile tulikuwa tumefanya vitendo vizuri. Karatasi hazikutosha, kwa hiyo watoto walileta majani ya mgomba, tukawa tunayakunja na kuyachana. Jani la mgomba lina tabia yake: linachanika kufuata mishipa tu, ukilazimisha njia nyingine linakuharibikia, ndiyo maana robo zetu zilikuwa nyembamba kama mikanda. Hata hivyo walielewa. Asili ni vipande vyote, kiasi ni vile ulivyochukua. Walikariri nusu, theluthi na robo kwa sauti mpaka darasa la jirani wakatugongea ukuta.

Ndipo nikaandika swali la mzee, na darasa likapoa.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, mzee huyo ana wapwa?"

"Kitabu hakijasema."

"Dada je? Dada anaye?"

"Hakuna dada hapa. Kuna mzee, kuna shamba, kuna watoto wanne."

"Sasa shamba kapewa na nani?" akauliza mwingine kutoka nyuma.

"Labda kanunua," akasema jirani yake.

"Kanunua! Kwa nani? Wewe umeona nani anauza shamba?"

Wakacheka. Nikawaambia waache maneno, waandike jibu. Nilipokusanya madaftari nikakuta karibu wote wameandika sifuri. Wengine waliandika kwa adabu zote za somo, kiasi sifuri, asili nne, na mstari katikati umepigwa kwa rula. Mmoja aliongeza chini ya jibu: watoto hawa wataenda kwa mama yao. Nikaweka alama ya kosa, daftari baada ya daftari, huku nikijiuliza ni wapi nilipokosea kuwaeleza.

Ofisini nililalamika kwa sauti. Mwalimu wa Maarifa ya Jamii, kijana mzaliwa wa kijiji kile kile, alicheka hadi akaweka kikombe cha chai chini.

"Umewakosesha wote?"

"Wote walioandika sifuri."

"Basi umewakosesha na wazazi wao, na bibi zao, na mimi."

Akanieleza. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ni mali ya ukoo. Mwanamume analima ardhi ya ukoo wake maisha yake yote, lakini akifa haiendi kwa watoto wake, kwa kuwa watoto hao ni watu wa ukoo mwingine, ukoo wa mama yao. Inarudi kwa dada yake na watoto wa dada, yaani wapwa. Watoto wa marehemu hawaachwi hivi hivi; wanalo shamba upande wa mama, kwa wajomba zao. Ndiyo maana watoto walitaka kujua kwanza habari za dada.

"Na kwenu Singida?" akauliza.

"Kwetu mtoto ni wa baba. Shamba wanapata wana wa kiume."

"Na mabinti?"

"Mabinti wanaolewa."

"Kumbe na kwenu sifuri ipo," akasema, "ila mmeificha kwa wasichana."

Kwa mzaha huo ndivyo tulivyoanza kuzoeana. Baada ya mwaka na kitu akanioa. Yeye alikuwa anafundisha mila na desturi, mimi hesabu, na katika mazungumzo yote tuliyofanya jioni tukisahihisha madaftari kwenye meza moja, hakuna aliyewahi kuuliza mtoto wa mume wa hapa na mke wa kule atahesabiwa wapi. Tulikuwa tunajua kila upande peke yake.

Alikuwa na kipande kizuri cha ardhi ya ukoo, kinaanzia njiani na kushuka mpaka mtoni. Hapo ndipo tulipojenga. Niseme ukweli, mimi nilitaka kiwanja mjini, pembezoni mwa Morogoro, hata kama ni kidogo, mradi kiwe na karatasi. Nilimwambia mara nyingi. Alikuwa na jibu lake lile lile.

"Kiwanja gani hicho, jirani akipiga chafya wewe unasema pole? Hapa una maji, una mfenesi, una upepo. Mjini utanunua hata mchicha."

Tukakopa kwa mishahara yetu wote wawili, tukajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, ya vyumba vitatu. Mabati yalipandishwa mlimani kichwani, bando kwa bando. Mlango wa jikoni fundi aliukosea kipimo, ukawa unakwama chini, ukitaka kuingia unausukuma kwa nyonga. Sehemu ya juu ya shamba tulipanda mikarafuu. Tulichimba mashimo sisi wawili, likizo ya Juni, yeye akitangulia na sululu, mimi nikifuata kutoa udongo kwa mikono. Dada yake, wifi yangu, alituletea maji ya kunywa na kututania kwamba walimu wanachimba kama wanatafuta chaki iliyopotea. Mkarafuu unataka subira ya miaka. Yetu ilianza kuzaa wakati binti yetu wa pili anaanza darasa la kwanza.

Tulijaliwa mabinti wawili. Wanawake wa kijijini walikuja kunipongeza kwa kila mmoja, kwa furaha iliyonishangaza, maana kwetu binti wa pili hupokelewa kwa kimya. Baadaye nikaelewa. Kwa mwanamke wa pale binti ndiye anayeendeleza ukoo na ardhi yake. Walikuwa wananipongeza kama vile nilikuwa mmoja wao.

Mume wangu alikufa kwa presha. Alianguka akitoka gulio Mkuyuni, wakampandisha kwenye gari la ndizi kumpeleka hospitali mjini, na alipofika alikuwa hasemi tena. Sitaeleza zaidi ya hapo. Alizikwa kwenye makaburi ya ukoo wake, na mimi nikakaa eda katika nyumba yetu. Watu walinitunza vizuri. Wifi alilala na mimi wiki za mwanzo, akanipikia, akanifulia. Mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye mpwa mkubwa wa marehemu, alinipasulia kuni na hakukubali hata asante. Alikuwa mfanyabiashara mdogo wa ndizi, akiishi ng'ambo ya mto, kwenye nyumba ya miti na udongo iliyojengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. Binti yake alikuwa mwanafunzi wangu, darasa la tano sasa.

Nilipomaliza eda nikarudi darasani. Wiki hiyo Kiswahili, ambacho nacho nilikuwa nakifundisha darasa la tano, kilikuwa kimefika kwenye insha ya wasifu, na kabla ya kuandika huwa nafanya nao mchezo. Mtoto anasimama, anaeleza kitu bila kukitaja jina, wenzake wanakitambua. Kanuni niliziandika ubaoni: anza na kinachoonekana kwanza, sema umbo, ukubwa na rangi, kisha sauti na harufu, sema ulichokiona, si ulichosikia.

Mwanzoni wananipa vitendawili, kila mwaka ni hivyo hivyo.

"Nina nyumba yangu haina mlango!" akasema wa kwanza, na darasa zima likaitika, "Yai!"

"Hicho ni kitendawili," nikawaambia. "Kitendawili kinaficha. Mimi nataka mnionyeshe."

Mvulana mmoja akaeleza fenesi vizuri sana, mpaka utomvu unavyonata kwenye kisu na mama anavyopaka mafuta kwanza. Mwingine akaeleza viatu vya mwalimu mkuu, kisigino cha kulia kilivyolika kwa nje, na wote wakaziba midomo wakitazama dirishani. Nilikuwa nacheka. Sikuwa nimecheka muda mrefu. Ndipo akasimama binti wa mpwa, mtoto msafi, mwenye sauti ya kujiamini.

"Kitu changu kiko juu ya njia," akaanza. "Ukitokea mtoni unaona mabati kwanza. Upande mmoja yamepata kutu, upande mwingine bado yanang'aa. Ukuta ni wa matofali ya kuchoma, rangi kama udongo wa kisuguu. Mbele kuna mfenesi, na chini ya mfenesi kuna jiwe la kufulia. Mlango wa nyuma unalia ukisukumwa. Asubuhi kunanuka karafuu kama zimeanikwa."

"Kwa mwalimu!" darasa likapiga kelele. "Nyumba ya mwalimu!"

"Bado sijamaliza," akasema. "Ndani kuna vyumba vitatu. Cha mwisho kina dirisha linaloangalia mto. Hapo nitalala mimi na mdogo wangu, kwa sababu mama hataki tulale karibu na jiko, mdogo wangu anakohoa."

"Na mwalimu atalala wapi?" akauliza mtoto mmoja.

"Mwalimu anarudi kwao."

"Kwao wapi?"

"Singida," akasema, akanitazama ili nimthibitishie kwamba amelitamka sawasawa.

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amefuata kanuni zote isipokuwa ile ya mwisho, maana habari ya chumba aliisikia tu nyumbani. Nilimwambia vizuri, kaa. Nikawaambia wote wafungue madaftari waandike, nami nikasimama nimeugeukia ubao, nikawa nafuta mahali palipokwisha kuwa safi.

Nilimtazama tena walipokuwa wameinama. Huyu naye, siku baba yake atakapokufa, nyumba ile haitakuwa yake. Itakwenda kwa watoto wa shangazi yake. Nilitaka wazo hilo linipoze, halikunipoza. Yeye ng'ambo ya mto anayo ardhi ya mama yake, na ya bibi yake mzaa mama, hakuna wa kumwondoa. Wangu mama yao ni mimi.

Baada ya kengele ya mwisho nilikwenda moja kwa moja kwa wifi. Nilimkuta barazani anamenya ndizi.

"Wifi," nikamwambia, "mimi nahama lini?"

Hakujifanya hajui. "Nani kakwambia?"

"Mjukuu wako. Darasani, mbele ya wenzake."

"Ah, mdomo wa mtoto yule! Nilimwambia mama yake asiongee mbele yao." Akasogeza beseni. "Kaa kwanza. Maneno haya hayasemwi kwa kusimama."

Nikakaa. Akamenya ndizi moja mpaka mwisho kabla ya kusema.

"Mimi sijakuchukia. Nilikupokea hapa unaogopa hata konokono. Lakini nisikilize. Mume wangu alipokufa, kwao nilipewa nini? Nilipewa watoto, nikaambiwa haya, nenda kwa kaka yako. Nikaja. Kaka akasema mbele ya watu, hawa wanangu, watalima hapa. Miaka yote mwanangu amekaa kwa mkewe kama kuku wa kuazima, anangoja. Sasa unataka nimwambie mjomba wako alikuwa anatania?"

"Na wanangu mimi?"

"Wanao waende kwa wajomba zao. Kila mtoto ana mjomba."

"Kwetu mjomba hampi mpwa ardhi, wifi."

Aliacha kisu. Alinitazama kwa huruma ya kweli, ile ya mtu anayeambiwa kwamba mahali fulani watu hawazikani.

"Kwenu ni watu wa namna gani hao?" akauliza.

Mtandao wa simu kule hupatikana vizuri penye mwinuko nyuma ya shule. Nilipanda huko siku iliyofuata, nikampigia kaka yangu. Tulisalimiana, akauliza watoto, akauliza mvua. Nikamweleza.

"Shemeji alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu," akasema. "Lakini watoto wana kwao, dada. Wale ni wa Morogoro."

"Huku wananiambia ni wa kwenu."

"Wa kwetu? Kwa lipi? Wamezaliwa na baba wa huko, wanaitwa jina la baba wa huko. Tena wasichana! Nikiwakatia shamba leo, kesho wanaolewa, linakwenda kwa nani?"

"Kwa hiyo hawana kitu."

"Sijasema hivyo. Usiniwekee maneno mdomoni. Wanacho, ila ni huko. Kadai huko." Kisha akashusha sauti, nadhani mkewe alikuwa karibu. "Wewe mwenyewe njoo, chumba hakikosekani. Lakini shamba, dada yangu, usinigombanishe na wanangu."

Ilikuwa hesabu rahisi, na sikuwa na wa kumlaumu ndani yake. Kwa hesabu ya kwetu, wanangu walikuwa na fungu lao Uluguru. Kwa hesabu ya Uluguru, walikuwa na fungu lao Singida. Kila upande ulikuwa na uhakika kwamba upande wa pili umekwisha kutoa, na kila upande ulilala usingizi.

Mwalimu mwenzangu alinishauri niende baraza la ardhi la kata. Nilikwenda. Mama mmoja mjumbe alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Aliuliza kama marehemu alinunua ardhi ile, nikasema hapana, ya ukoo. Akauliza kama nyumba ina karatasi yoyote, nikasema hapana.

"Nyumba unaweza kuidai," akasema. "Ardhi iliyo chini yake ndiyo itakayokusumbua. Unaweza kufungua shauri, ni haki yako. Lakini mwanangu, hata ukishinda, utaomba moto kwa nani?"

Nilirudi bila kufungua. Watu wa mjini wakisikia hilo hunishangaa, huniambia sheria ipo. Najua ipo. Wao hawajawahi kuugua mahali ambapo machela hubebwa na majirani.

Kikao cha ukoo kilikaa Ijumaa baada ya sala, kwenye mkeka, chini ya ukuta wa nyumba yetu. Alikuwepo mjomba wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, imamu wa msikiti, wifi na mwanawe mkubwa, na mimi. Binti yangu mkubwa yuko sekondari ya bweni, mdogo nilimpeleka kwa jirani.

Imamu alizungumza kwanza. Alisema dini imekwisha kugawa, mjane mwenye watoto ana thumuni, na mabinti wawili wana theluthi mbili, wala si jambo la kujadili. Moyo wangu ukainuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kusikia mtu mzima akitaja sehemu ya wanangu ambayo kiasi chake si sifuri.

"Sahihi kabisa, sheikh," akasema mjomba wa ukoo kwa upole. "Ila ya mali gani?"

"Ya alichoacha."

"Na ardhi hii aliiacha yeye? Yeye mwenyewe alikalishwa tu na ukoo. Mgeni huondoka na mkeka aliokalishwa?"

Imamu akasema basi thumuni ni ya kilicho mali ya marehemu. Wakahesabu kilicho mali ya marehemu. Baiskeli. Redio. Nguo. Mabati, milango na madirisha.

"Nyumba ni yake," mpwa akakubali. "Hatukatai. Mwalimu akitaka atang'oa mabati, akaezeke kwao."

Hakusema kwa dhihaka, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa amekaa akafikiri, akaona hiyo ni haki.

"Na mikarafuu?" nikauliza.

"Mti ni wa aliyepanda," akasema mjomba wa ukoo. "Hiyo ni mila ya zamani, ardhi yako, mti wangu. Aliyepanda ni nani?"

"Marehemu mjomba," akasema mpwa.

"Na mimi," nikasema. "Tulichimba mashimo pamoja."

"Kuna aliyewaona?" akauliza mjomba wa ukoo.

Nikamtazama wifi. Alikuwa ametuletea maji siku ile, kwenye jagi la kijani, akasimama juu ya mashimo yetu akitutania. Alijua kwamba najua. Mwanawe pia alimtazama, akingoja. Wifi akashika ukindu uliofumuka pembeni mwa mkeka, akaanza kuurudishia taratibu, kama vile tumekuja pale kushona.

"Zamani hizo," akasema. "Sikumbuki."

Mjomba wa ukoo, ambaye naamini aliona kila kitu, akakohoa na kutoa uamuzi wake. Watoto wa marehemu wasiambiwe hawana kitu, akasema, hiyo ni aibu kwa ukoo. Watapewa robo ya shamba, kule chini mtoni, penye magimbi na migomba. Ya juu, yenye nyumba na mikarafuu, ni ya wapwa. Nitajengewa kule chini nyumba ndogo na mpwa mwenyewe atasaidia. Na kwa kuwa wanangu si wa ukoo, kila mavuno watapeleka kwa mwenye ardhi kitu kidogo, mkungu mmoja wa ndizi, unaoitwa ngoto. Si malipo, akanifafanulia. Ni kuonyesha kwamba unajua unapolima si pako.

"Umeridhika, mwalimu?"

Nilifikiria kuomba uhamisho. Nilifikiria stendi ya Msamvu, basi la asubuhi, kaka yangu akinionyesha chumba. Kisha nikafikiria kwamba katika nchi hii nzima kulikuwa na watu hao tu, kwenye mkeka huo, waliotamka mbele ya mashahidi kwamba wanangu wana sehemu mahali fulani. Hata kama ni robo yenye maji maji. Nikasema nimeridhika.

Mabati sikung'oa. Mpwa alitimiza ahadi, nampa haki yake. Alikata miti, akabeba fito begani kutoka msituni, akakandika udongo pamoja na nduguye, na siku ya kuezeka aliniletea chai. Walipohamia juu, mkewe alipiga chokaa ukuta wa mbele, na ukweli ni kwamba nyumba ilipendeza kuliko nilivyoiweka mimi. Binti yao anaendelea vizuri darasani, hasa Kiswahili. Wifi husimama njiani tukikutana, huuliza hali, nami hujibu nzuri. Karafuu zinapoanikwa harufu inashuka mpaka mtoni. Hakuna kikao kinachoweza kuizuia.

Ndizi za mtoni huchelewa. Mkungu wa kwanza ulipokomaa niliukata mwenyewe Jumamosi asubuhi, nikaubeba kichwani, na binti yangu mdogo akabeba kikapu cha magimbi ambayo hakuna aliyeyadai, ila niliona aibu kwenda na mkungu peke yake. Tulipanda njia ile tuliyokuwa tunashuka nayo zamani kwenda kuchota maji. Nilisimama mwisho wa uwanja, nikatua mkungu, nikasema hodi.

Binti wa mpwa alikuwa anafagia chini ya mfenesi. "Shikamoo, mwalimu," akasema, akakimbilia ndani kumwita mama yake.

Wangu hakungoja. Alinipita na kikapu chake, akazunguka nyuma, akausukuma mlango wa jikoni kwa nyonga, pale chini unapokwama, akaingia kama mtoto anayetoka shule. Nilisikia kikapu kikiwekwa kwenye kona kilipokuwa kikikaa siku zote. Kisha nikasikia sauti ya mke wa mpwa, wala haikuwa kali, ilikuwa sauti ya mama yeyote anayemfunza mtoto wa mwenzake.

"We mtoto, mgeni anaingia jikoni kwa watu bila hodi? Hebu toka, uje kwa mbele."

Akatoka. Alisimama kwenye kona ya nyumba, mikono mitupu, akinitazama ili nimwambie kama amesikia sawasawa.

"Bisha hodi," nikamwambia.

Alitembea mpaka mlango wa mbele, ambao ulikuwa wazi, akasimama nje ya kizingiti, akasema hodi. Karibu, wakamwitikia kutoka ndani, karibu sana. Akavua kandambili, akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti cha kwanza kilichokuwa karibu na mlango.